Maghala ya nje na pakiti zinazogombana: maswali ya watumiaji wa Linux Lamu

Maswali haya ni ya watu wanaotumia Linux hapa Amu na visiwa jirani: walimu wa maabara za kompyuta, vijana wa studio za video, watu wa ramani, na mafundi wenzetu wa mtaa wa Langoni wanaofufua laptopu za mitumba. Wengi wako kwenye Ubuntu, Linux Mint au Debian, kwa hiyo majibu yameelemea huko. Fedora na openSUSE zina zamu yao mbele. Msimamo wetu ni huu: ghala la nje si haramu, lakini usiliachie kompyuta nzima. Liambie ni pakiti zipi (programu au vipande vyake vilivyofungwa tayari kusakinishwa) linaruhusiwa kukuletea, zilizobaki lizuie.

Ghala la nje ni lipi hasa?

Kila Linux ina ghala rasmi la wenyewe, yaani hazina ya mtandaoni ya pakiti zake. Pakiti za humo zimejengwa pamoja, juu ya maktaba zile zile (vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingi), na zimejaribiwa zikiwa pamoja. Ghala la nje, ambalo vijana huliita ripo, ni lolote lisilotunzwa na wenye mfumo: PPA (maghala ya watu binafsi na timu kwenye tovuti ya Launchpad), ghala la Docker, la PostgreSQL, la QGIS (programu ya ramani), la Mozilla, RPM Fusion kwa Fedora, Packman kwa openSUSE. Mengi yanatunzwa na watu makini sana. Tatizo si uzembe wao. Ni kwamba kila mmoja hujenga kwa ratiba yake, na hakuna anayejua kwamba wewe umeweka maghala manne mengine pembeni yake.

Mbona sijaongeza ghala lolote na bado naliona kwenye orodha?

Huenda lilijiongeza. Ukipakua Google Chrome kama faili la `.deb` na kulisakinisha, pakiti hiyo huandika ghala lake yenyewe ndani ya `/etc/apt/sources.list.d/`. Hilo halina madhara, kwani ghala lina vivinjari vya Google tu. Ila ukipewa laptopu iliyotumiwa na mtu mwingine, fungua folda hiyo kabla ya kufanya lolote. Utashangaa yaliyomo.

Kwa nini pakiti mbili nzuri zigombane?

Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni jina moja. Maghala mawili yana pakiti yenye jina lile lile, na APT, zana ya Debian na Ubuntu ya kusakinisha pakiti, isipoambiwa vingine huchukua yenye nambari kubwa. Haiulizi nani kaijenga wala wewe ulikusudia nini. Umeongeza ghala kwa ajili ya programu moja ya kukatia video za harusi. Wiki ijayo unasasisha, kumbe ghala lile lina ffmpeg yake, x264 yake (zana za video), na maktaba chungu nzima ambazo hukuziomba. Zote zinaingia kimya kimya kwa sababu nambari zake zimezidi. Kompyuta haitalalamika siku hiyo. Italalamika miezi baadaye, utakapotaka kusakinisha kitu kingine kabisa, na hapo hutakumbuka chanzo.

Ya pili ni maktaba. Programu za Linux hutegemea maktaba zilizo nje yake, na jina la pakiti ya maktaba hubeba nambari ya muundo wake. Chukua GDAL, inayosoma data za ramani. Kwenye Ubuntu 22.04 pakiti yake ni `libgdal30`, kwenye Debian 12 ni `libgdal32`, kwenye Ubuntu 24.04 ni `libgdal34t64`. Pakiti iliyojengwa kwa ajili ya 22.04 ukiipeleka 24.04 itaomba `libgdal30`, nayo haipo tena. Ni kama mlango wa Kiamu ambao miimo yake imechongwa na fundi mmoja na mfaa na fundi mwingine bila kupatana vipimo: kila kipande kizuri, na mlango haufungi.

Ya tatu ni faili moja kudaiwa na pakiti mbili. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa sababu dpkg, zana iliyo chini ya APT, hukataa hapo hapo na kukutajia jina la faili.

Toleo 128 limeshindwaje na toleo 1?

Swali hili huletwa na watu wa Firefox, wanaoona Firefox 128 ikishindwa na pakiti iliyoandikwa toleo 1, na linafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ukilielewa umeelewa nusu ya mambo yote ya maghala.

Nambari ya toleo la Debian ina sehemu tatu: tarakimu ya mbele yenye nukta pacha, toleo la waandishi wa programu, na marekebisho ya mwenye pakiti. Tarakimu ya mbele isipoandikwa huhesabiwa kuwa 0, na hiyo ndiyo inayotazamwa kwanza. Kwa hiyo `1:4.0` ni kubwa kuliko `5.1`, hata `500`. Usiniamini, jaribu:

`dpkg --compare-versions 1:4.0 gt 5.1 && echo kweli`

Kuanzia Ubuntu 22.04, pakiti ya `firefox` ndani ya ghala la Ubuntu si kivinjari chenyewe. Ni ganda linalokuletea Firefox ya snap (mfumo mwingine wa pakiti wa Ubuntu), na kwenye 24.04 toleo lake ni `1:1snap1-0ubuntu5`. Mozilla nao wana ghala lao la APT, `packages.mozilla.org`, lenye Firefox halisi ya `.deb`, lakini matoleo yao hayana tarakimu ya mbele. Ukiongeza ghala la Mozilla ukaishia hapo, APT italinganisha 1 na 0 na kulichagua lile ganda. Ndiyo maana maelekezo ya Mozilla yanakutaka uandike kipaumbele cha 1000. Wengi huruka hatua hiyo wakidhani ni mapambo, kisha wanasema ghala la Mozilla halifanyi kazi.

Mbinu hiyo hiyo hutumika kwa upande wa pili. Ffmpeg ya Debian huanza na `7:`, na ya ghala la deb-multimedia huanza na `10:`, ili ya kwao ishinde daima. Pakiti zao utazitambua kwa herufi `dmo` ndani ya nambari ya toleo.

Nitajuaje pakiti fulani imetoka ghala gani?

`apt policy ffmpeg`

Amri hii haibadilishi chochote, wala haihitaji sudo (mamlaka ya msimamizi). Itakuonyesha toleo lililopo, toleo litakaloingia ukisasisha, na chini yake jedwali la matoleo yote pamoja na anwani za maghala yake. Nyota tatu ziko kwenye toleo lililosakinishwa. Ikiwa chini ya nyota kuna mstari mmoja tu wa `/var/lib/dpkg/status`, pakiti hiyo ni yatima: ilikuja na ghala ambalo halipo tena, au uliisakinisha kwa mkono.

Ukiandika `apt policy` peke yake utapata maghala yote na kipaumbele cha kila moja. Soma hilo kabla ya kuuliza swali lingine lolote.

Vipaumbele vya APT vinahesabiwaje?

Kwa APT, nambari kubwa ndiyo yenye nguvu. Ghala la kawaida lina 500, liwe rasmi au la nje, na hapo ndipo balaa inapoanzia: APT haimpendelei mwenyeji dhidi ya mgeni. Toleo ambalo tayari limesakinishwa lina 100. Ghala la backports la Debian (matoleo mapya yaliyojengwa upya kwa Debian ya sasa) pia lina 100, ndiyo maana halikuingilii mpaka uliombe. Ghala la experimental, la majaribio, lina 1. Ukiteua toleo lako la msingi kwa mpangilio wa `APT::Default-Release`, linapanda hadi 990.

Kuanzia 1000 kwenda juu APT inaruhusiwa hata kushusha toleo. Ikiwa chini ya sifuri, pakiti haichukuliwi. Vipaumbele vikilingana, ndipo nambari ya toleo inaamua.

Linux Mint imelifikiria jambo hili mapema kuliko wengine. Baadhi ya pakiti zake yenyewe zimepewa 700, na kuna faili `nosnap.pref` linaloipa snapd, huduma ya snap, -10.

Nipe mfano kamili wa kuliwekea ghala mipaka.

Tuseme ofisi yenu inachora ramani za mikoko, jambo la kawaida katika kaunti yenye mikoko mingi kuliko kaunti zote za pwani ya Kenya. Mnataka QGIS mpya kutoka `qgis.org`, na hamtaki kitu kingine chochote kutoka huko. Baada ya kuongeza ghala na ufunguo wake (faili la kuhakiki sahihi ya ghala), tengeneza faili `/etc/apt/preferences.d/qgis` na uandike:

```
Package: *
Pin: origin "qgis.org"
Pin-Priority: -1

Package: qgis* python3-qgis* libqgis*
Pin: origin "qgis.org"
Pin-Priority: 500
```

Fungu la kwanza linalifungia ghala lote. La pili linafungua dirisha kwa QGIS na sehemu zake. Fungu linalotaja majina ya pakiti hushinda lile la nyota tupu, hata likiandikwa chini yake. Kisha:

`sudo apt update`
`apt policy qgis gdal-bin`
`apt -s full-upgrade`

Amri ya mwisho ni igizo: inakuambia ingefanya nini bila kufanya. Tafuta neno REMOVED (au REMOVING kwenye APT mpya). Ukiona pakiti ambazo hukutarajia kuziaga, simama hapo.

Kuna jambo la jina la faili ambalo limewapotezea watu jioni nzima. Ndani ya `preferences.d`, faili lisiwe na kiambishi chochote, au liishie kwa `.pref`. Ukiliita `qgis.txt` au `qgis.conf`, APT inaliacha.

Tena, qgis.org wana maghala mawili ya Ubuntu yanayofanana kwa jina. La `ubuntu` linatumia maktaba za Ubuntu yenyewe. La `ubuntugis` linataka pia PPA ya ubuntugis, yenye GDAL mpya zaidi. Ukichukua la pili bila PPA yake, pakiti hazitasakinishika. Ukiweka PPA hiyo bila kuihitaji, PostGIS yako na vifurushi vya R vinavyotegemea GDAL vitajikuta njia panda. Chagua la `ubuntu`, isipokuwa una sababu unayoweza kuitaja kwa sentensi moja.

Nimeweka mpaka kwa PPA moja, umezipata PPA zote. Kwa nini?

Kwa sababu umetumia `origin`, ambayo maana yake ni jina la seva, na PPA zote zinakaa kwenye seva moja, `ppa.launchpadcontent.net`. Kwa PPA tumia `release o=` pamoja na jina la mwenyewe. Mfano, ya timu ya Mozilla:

`Pin: release o=LP-PPA-mozillateam`

Jina hilo hulikisii. Liko kwenye matokeo ya `apt policy`, baada ya `o=`.

Naweza kuweka PPA ya Ubuntu kwenye Debian?

Hapana. Itasakinishika leo na kukuvunjia mfumo kesho. Wiki ya Debian ina ukurasa mzima uitwao DontBreakDebian, na mashine za namna hiyo zina jina lake huko: FrankenDebian.

Natumia Linux Mint, na ghala linasema halina faili la Release.

Hili tunalipata karibu kila laptopu ya mtumba inayowekewa Mint. Maelekezo mengi huchukua jina la mfumo kwa `lsb_release -cs`, na Mint 22 hujibu `wilma`. Docker na wenzao hawana ghala la wilma. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, kwa hiyo jina linalotakiwa ni `noble`. Tazama ndani ya `/etc/os-release`, mstari wa `UBUNTU_CODENAME`, uandike hilo kwenye faili la ghala.

"You have held broken packages" maana yake nini? Sijashikilia pakiti yoyote.

Ujumbe huo umeandikwa vibaya, na umewatia hofu wengi. Mara nyingi maana yake ni kwamba APT imetafuta mchanganyiko wa matoleo unaotosheleza kila upande, ikaukosa. Usisome mstari wa mwisho, soma ya juu yake, ile ya "Depends: ... but ... is to be installed". Ukishapata jina la pakiti inayokwama, ipeleke kwenye `apt policy`. Karibu kila mara utakuta maktaba moja ina toleo la ghala la nje, na ndugu zake bado ni za ghala rasmi.

Docker ni mfano mzuri. Ghala la Docker lina `containerd.io`, Ubuntu ina `containerd`, na hizo mbili zimeandikiwa kabisa kwamba hazikai pamoja. Mtu aliyesakinisha `docker.io` ya Ubuntu kisha akaongeza pakiti za Docker bila kuiondoa huenda akakwama. Hakuna cha kurekebisha pale: chagua upande mmoja, ondoa mwingine.

Na "trying to overwrite"?

Faili moja, pakiti mbili. Mtandaoni utaambiwa utumie `--force-overwrite`. Inafanya kazi, na inaacha deni: ukiondoa pakiti moja, faili la mwenzake linaweza kuondoka nayo. Afadhali uondoe moja ya hizo pakiti.

APT imegoma kabisa ikisema "Conflicting values set for option Signed-By".

Ghala moja limeandikwa mara mbili, kila faili likitaja ufunguo wake. Hutokea sana pale ulipoongeza ghala kwa mkono kisha programu yenyewe ikajiongeza. Soma majina yaliyotajwa kwenye kosa, acha moja, futa la pili. Likisema tu "configured multiple times", ni ndugu wa kosa hilo asiye na makali. Dawa ni ile ile.

Bado maelekezo yananiambia nitumie apt-key. Nifuate?

Usifuate. Debian 11 na Ubuntu 22.04 ndizo za mwisho zilizokusudiwa kuwa na amri hiyo. Sababu ya kuiacha ni ya maana: ufunguo ulioingizwa kwa `apt-key`, au uliowekwa ndani ya `/etc/apt/trusted.gpg.d/`, unaaminika kwa kila ghala kwenye kompyuta. Mwenye ghala dogo la fonti angeweza kutia sahihi pakiti zinazodai kutoka Ubuntu, na APT ingekubali. Siku hizi ufunguo huwekwa `/etc/apt/keyrings/`, na faili la ghala linautaja kwa `Signed-By`, ili ufungue mlango huo mmoja tu.

Inasema Release file "is not valid yet". Ghala limeharibika?

Tazama saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao wa mama ikifa, laptopu huamka ikidhani ni miaka ya nyuma. Hili si gomvi la maghala hata kidogo.

Umeme ulikatika katikati ya kusasisha.

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`

Kwa utaratibu huo. Ikiwa amri ya pili inataka kuondoa pakiti nyingi, sema hapana kwanza utafute ni ghala gani linaloivuta.

Kwa nini nisitumie tu apt-mark hold?

Kwa sababu inagandisha pakiti pamoja na marekebisho yake ya usalama, na baada ya muda utasahau kwamba umeigandisha. Inafaa kwa siku mbili tatu ukisubiri ghala lirekebishwe. `apt-mark showhold` hukuonyesha ulizozisahau.

Studio yetu inatumia Fedora. Video za Maulidi zilizorekodiwa kwa simu hazifunguki bila RPM Fusion.

Kweli, kwani Fedora haibebi kodeki (visoma video na sauti) zenye mambo ya hataza, na simu nyingi hurekodi kwa H.264 au HEVC. RPM Fusion yenyewe ilizaliwa na adha hii hii tunayoizungumza: maghala ya Dribble, Freshrpms na Livna yalikuwa yakifanya kazi zinazogongana, wenyewe wakaamua kuungana.

Fedora huja na `ffmpeg-free`. Ukisha kuongeza RPM Fusion, usisakinishe ffmpeg juu yake, badilisha:

`sudo dnf swap ffmpeg-free ffmpeg --allowerasing`

Vipaumbele vya DNF, zana ya pakiti ya Fedora, huenda kinyume na vya APT. Ndani ya faili la `.repo`, `priority` ya kawaida ni 99, na nambari ndogo ndiyo inayoshinda. Ikishinda, pakiti yenye jina hilo kutoka ghala la chini haionekani kabisa, hata ikiwa mpya zaidi. Aliyezoea Debian akahamia Fedora hukosea hapo. Mipaka huwekwa kwa `includepkgs=` au `excludepkgs=` ndani ya faili lile lile la ghala, na kwa maoni yangu ni safi kuliko njia ya APT, kwa sababu mpaka unakaa pamoja na ghala lenyewe.

Siku nyingine DNF itakataa kusasisha mesa au ffmpeg kwa sababu Fedora imetoa toleo jipya na RPM Fusion hawajajenga la kwao. Acha kwa siku moja mbili, litajitatua. Anayekimbilia `--allowerasing` hapo hujikuta bila kodeki usiku wa kuamkia shughuli. Na likitokea, `dnf history` ina orodha ya kila ulichofanya, na `dnf history undo` mara nyingi hukurudisha.

Kwa seva za AlmaLinux na Rocky, EPEL ni ghala la nje lenye sera ya kutogusa pakiti za msingi. Anza nalo kabla ya mengine.

Na openSUSE?

Zypper, zana ya pakiti ya openSUSE, ina tabia nzuri: hukumbuka pakiti imetoka kwa nani, na haibadilishi mwenye pakiti bila ruhusa. Nambari ndogo ina nguvu hapa pia, ya kawaida ni 99. Shida yake ya kawaida ni nusu ya kodeki kutoka Packman na nusu kutoka ghala rasmi. Zihamishe zote kwa pamoja:

`sudo zypper dup --from packman --allow-vendor-change`

Hapo `packman` ni jina ulilolipa ghala. Lihakikishe kwa `zypper lr -p`.

Arch?

Ghala lililoandikwa juu zaidi kwenye `pacman.conf` ndilo linaloshinda. Na usisakinishe kwa `pacman -Sy` bila kusasisha mfumo mzima.

Nimefuta ghala, lakini matatizo yamebaki.

Kufuta ghala hakuondoi pakiti zake. Kwa PPA kuna chombo kizuri, `ppa-purge`, kinacholizima ghala na kurudisha pakiti zake kwenye matoleo rasmi. Kiendeshe kabla ya kufuta ghala, si baada ya. Kwa maghala mengine, fanya kwa mkono. Futa faili la ghala, endesha `apt update`, kisha:

`apt list --installed | grep ',local'`

Hao ndio mayatima. Wasiotumika waondoe. Wenye ndugu kwenye ghala rasmi, tazama toleo kwa `apt policy`, uandike `sudo apt install jina=toleo`. Maktaba zinazotegemeana lazima uzitaje zote kwenye amri moja, la sivyo kila moja itakataa kushuka bila mwenzake.

Debian haiahidi kwamba kushusha toleo kutakwenda salama. Programu ikiwa na data yake, kama hifadhidata, chukua nakala kwanza. Toleo la zamani huenda lisiweze kusoma faili zilizoandikwa na jipya.

Nahama kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04. Nifanyeje na maghala?

Yaondoe kabla, pamoja na pakiti zake. Zana ya Ubuntu ya kupandisha toleo huyazima maghala ya nje yenyewe, ila pakiti zilizokwisha kuingia zinabaki, na hizo ndizo zinazokwamisha. Ukishafika upande wa pili, rudisha moja moja, na lile tu ambalo limeshatoa pakiti za `noble`. Kazi hii usiifanye Faza au Kizingitini kwa bando la simu siku ambayo boti ya kurudi iko saa tisa.

Bando linaisha. Maghala mengi yanakula data?

Ndiyo, kwani kila ghala lina faharasa yake, na `apt update` huzikagua zote. Ghala usilolihitaji tena ni gharama tupu. Mwalimu mwenye maabara afunge `apt-cacher-ng` kwenye mashine moja, nyingine zote ziende kwake kupitia mlango (port) 3142. Pakiti itapakuliwa mara moja tu. Tahadhari ni kwamba maghala mengi ya nje yanatumia HTTPS, na hayo hayahifadhiki hapo bila mpangilio wa ziada.

Je, Flatpak haimalizi ugomvi huu wote?

Kwa programu za mezani, kwa kiasi kikubwa ndiyo. QGIS na Kdenlive (ya kuhariri video) zote ziko Flathub, ghala la Flatpak, na kila moja inakuja na maktaba zake bila kugusa za mfumo. Gharama yake ni ukubwa. Mazingira ya msingi peke yake ni mamia ya megabaiti, na programu mbili zinaweza kutaka mazingira tofauti. Kwa mtu mwenye waya wa intaneti mjini, ningemwambia aanzie Flatpak. Kwa anayelipia data kwa megabaiti, ghala lenye mipaka bado ni nafuu. Kwa seva, hifadhidata na Docker, Flatpak haikusaidii.

Nitajuaje ghala ni la kuaminika?

Uliza kwanza nani anakupa ghala hilo. Pakiti inaposakinishwa huendesha amri zake kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa kompyuta, kwa hiyo kuongeza ghala ni kumpa mwenyewe kompyuta. La waandishi wa programu wenyewe ni bora kuliko la mtu wa kati. Tazama pia kama linasasishwa.

Uaminifu huo nao hauna dhamana ya maisha. Ghala la debian-multimedia.org lilikuwa maarufu sana kwa kodeki. Wenyewe wakahamia jina la deb-multimedia.org, anwani ya zamani ikaachwa, ikachukuliwa na mtu asiyejulikana. Juni 2013 Debian ililazimika kuwatangazia watumiaji waitoe kwenye orodha zao. Pitia yako kwa:

`grep -r debian-multimedia.org /etc/apt/`

Ukipata jibu, futa mstari huo leo.

Nimejaribu yote, imeshindikana. Nikija kwa fundi nije na nini?

Usije na "imekataa". Njoo na matokeo ya `apt policy`, orodha ya faili zilizo ndani ya `/etc/apt/sources.list.d/` na `/etc/apt/preferences.d/`, na mistari ya mwisho ya `/var/log/apt/history.log`, inayoonyesha nini kiliingia na nini kilitoka siku ya mwisho. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu inatosha, mradi mstari wa kwanza wa kosa usiwe umekatwa.